Ua Lake

Nyumba zetu huku Harehills, Leeds, zimeegemeana mgongo kwa mgongo,
matofali mekundu, hazina uwani.
Mbele ya mlango nina saruji, hatua tatu kwa mbili,
nusu yake imekaliwa na pipa la taka la halmashauri.
Hapo ndipo nilipoamua kupanda maboga.

"Boga hutambaa," dada Mwanaisha akacheka kwenye simu,
"lataka shamba, nawe una sahani."
Kweli. Kwa mama kule Utete shina moja lilivuka njia,
likaparamia paa la choo cha jirani, likazaa huko huko,
wala hakuna aliyeuliza mpaka uko wapi.

Basi nisichokipata kwa upana
nikakidai kwa urefu.
Mbingu ya hapa haina hatimiliki,
ingawa ni ya kijivu na inavuja tangu Machi.

Darini kulikuwa na kitanda cha Hamdani cha utotoni,
pande mbili za fito nyeupe, alama za meno yake bado zipo.
Mwenyewe yuko Cardiff, anasomea madaraja,
hupiga simu Jumapili akiwa na haraka.
Nikazisimamisha pande zile, moja juu ya nyingine,
nikazikaza ukutani kwa skrubu nane.
Ya tisa ilidumbukia mferejini.

Mbegu nilizianzisha Aprili, makopo ya mtindi, dirishani.
Juni zikahamia ndooni.
Narudi zamu ya usiku, saa moja asubuhi,
mikono yanukia sabuni ya wazee ninaowaogesha,
navuta kiti, naelekeza vikono:
shika hapa, mwanangu, si hapo, hapo ni bomba la gesi.
Nafunga kwa vitambaa vya sare yangu kuukuu,
fundo legelege,
maana shina nalo lataka kupumua.

Nyuki hawakuja. Mvua wiki mbili.
Nikachuma ua dume, nikalivua joho lake la njano,
nikalipeleka kwa ua jike kama mshenga mwenye haya,
nikatazama pembeni.

Bi Maureen, mlango wa pili, aliniangalia tangu mwanzo,
mikono kaikunja kifuani.
"Litaanguka," alisema Julai.
"Litaanguka limuue mleta barua," alisema Agosti.
Kesho yake akaniletea mfuko:
soksi ndefu za nailoni, jozi tatu, rangi ya chai ya maziwa.
"Sijazivaa tangu mazishi ya Derek."

Kila mguu nikaulaza boga moja, nikaufunga kwenye fito,
na ukuta wote ukawa mbeleko:
watoto watano wa kijani mgongoni mwa kitanda.
Mguu mmoja ukabaki mtupu.
Kikonyo, niligundua, hunenepa kadiri mzigo unavyoongezeka.
Sisemi zaidi juu ya hilo.

Ukipenda boga, wanasema, penda na ua lake.
Nimelitafakari nikiwa juu ya kiti.
Ua lipi? Hili la njano, linalochanua alfajiri na kusinyaa saa nne?
Au hili la saruji, la pipa na chupa zisizo zangu?
Lugha yangu haikubagua.
Na mimi nimechoka kubagua.

La sita lilipita bila ruhusa,
likaning'inia mbele ya dirisha la Bi Maureen.
Nilipokwenda na kisu akagonga kioo toka ndani:
"Liache. Linanizuia kuliona lile pipa."
Nikautumia ule mguu uliobaki.

Oktoba, Hamdani akaja na begi la nguo chafu.
Alisimama kizingitini, akapapasa fito,
kidole kikafika kwenye meno yake.
"Mama, hiki si kitanda changu?"
"Kina wageni," nikamwambia.
"Inama, upite."